Mshale umelala, kilomita zimelala

Nimekuwa kimya kwa muda, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kuandika au nimepewa ukuu wa wilaya. Hapana jamani. Nilikuwa nimekaa na kisa kimoja cha mwaka 2024 ambacho hakinipambi hata kidogo, na kila nikianza kuandika jambo jingine kinanikatalia. Ni kesi. Si ya mahakamani, ni kesi ya pikipiki, na ndani yake mimi nilikuwa mlalamikaji, mwendesha mashtaka na hakimu kwa wakati mmoja. Kazi yetu hii ya kalamu inatufundisha kwamba mtu mmoja asishike vyeo vyote hivyo. Lakini si unajua tena, kwenye mambo ya nyumbani hakuna mhariri.

Basi bwana, ni hivi. Mwaka 2023 nilikuwa nimejibana, posho hapa, kazi ya kuandikia watu ripoti pale, nikanunua pikipiki mpya ya cc 125. Sikununua nipande mimi. Nilinunua imtoe mdogo wangu. Ninaposema mdogo wangu namaanisha mtoto wa mama mdogo, na kwetu huyo si binamu, ni mdogo wako kabisa, ukimwita vingine wazee watakuuliza umesomea wapi. Anaishi Buhemba, wilaya ya Butiama, mkoani Mara.

Kama hujawahi kufika Buhemba labda jina umewahi kulisikia. Ni pale palipokuwa na mgodi wa dhahabu wa Meremeta mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ambayo baadaye, kuanzia mwaka 2008 hivi, jina lake lilitikisa Bunge, wabunge wakitaka kuonyeshwa hesabu. Sitaki kuingia huko leo. Dhahabu ilichimbwa pale tangu enzi za mkoloni, na leo ukifika utakutana na wachimbaji wadogo: maduara yaliyozama ardhini na kushikiliwa na matimba, viroba vya mawe vimepangwa nje, na karasha zinasaga mawe kwa kelele ambazo baada ya siku mbili huzisikii tena. Kati ya duara na karasha kuna bodaboda. Viroba haviendi vyenyewe. Kijana anafunga viwili, vitatu nyuma ya siti, anapanda kilima na kuteremka, kutwa nzima, kwenye vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Hiyo ndiyo kazi ya mdogo wangu. Abiria ni wa asubuhi na jioni, mchana kutwa ni mawe.

Tukaandikiana mkataba. Shilingi elfu hamsini kila wiki kwa wiki 70, akimaliza chombo ni chake. Ukipiga hesabu ni milioni tatu na nusu, na kwa mikataba ya mjini nilijiona malaika. Oili abadilishe kila kilomita 1,500 kwa fedha yake. Halafu nikaweka kipengele ambacho nilijivunia sana: kila Jumapili jioni apige picha dashibodi ya pikipiki, kilomita zionekane, anitumie kwa WhatsApp. Nikamwambia hiyo ndiyo inaitwa uwajibikaji. Akasema, "Sawa kaka."

Picha zikaja. Kila Jumapili, saa moja, saa moja na nusu usiku, bila kukosa. Mimi nikawa naona zimeingia, naweka kidole gumba, basi.

Mwishoni mwa Agosti 2024 simu yangu ilijaa. Unajua simu ikijaa inavyokusumbua, hata kurekodi mahojiano inakataa. Nikakaa nafuta picha. Nilipofika kwenye zile za dashibodi nikaona kitu. 18,346. Ya juu yake, 18,346. Ya juu yake tena, 18,346. Picha saba, kuanzia Jumapili ya tarehe 14 Julai hadi ya tarehe 25 Agosti, namba ni ileile. Na hela zilikuwa zinaingia kila wiki. Sasa pikipiki inayoleta elfu hamsini kila wiki bila kutembea hata kilomita moja hiyo ni ya miujiza.

Nikamwonyesha mwenzangu ofisini, jamaa ambaye naye ana bodaboda mbili barabarani. Alicheka. "Wamekuchomolea waya," akasema. Akanieleza mchezo. Spidomita ya pikipiki nyingi zetu inaendeshwa na waya unaotoka gurudumu la mbele. Ukifungua nati ya waya huo kwa plaizi, dakika moja tu, mshale unalala kwenye sifuri na kilomita zinasimama. Kijana anapiga safari zake za pembeni, oili habadilishi, injini inachoka, na siku akikurudishia chombo namba inasoma kama cha juzi. Wapo hata wanaouza pikipiki iliyozunguka nusu ya nchi huku dashibodi inasema kilomita elfu nane. Hayo ni ya kweli, yanafanyika, uliza fundi yeyote.

Kilichofuata ndicho nisichojivunia. Sikumpigia dogo. Mimi, ambaye nimewahi kurudishiwa habari mara tatu kwa sababu sikutafuta upande wa pili, sikumpigia mtu simu moja ya shilingi mia. Niliyempigia ni jamaa wa Bunda aliyewahi kuniomba chombo. Nikamwambia ajiandae, wiki ijayo anaweza kupata. Nikachapa barua ya kuvunja mkataba, nikaikunja kwenye begi.

Jumamosi ya tarehe 31 Agosti nikapanda basi la alfajiri kutoka Mwanza. Magu, Lamadi, Bunda, njia nzima namtungia maswali. Makutano nikashuka, nikabanana kwenye mchomoko hadi Butiama, tukapita pale njia inapoingia Mwitongo alikozikwa Mwalimu mwaka 1999. Kutoka Butiama nikachukua bodaboda ya mtu mwingine makusudi, ili dogo asijue nakuja. Nilitaka kumkuta na waya mkononi. Si ujinga huu?

Nilimkuta kijiweni, ametoka karasha, amekuwa mwekundu kichwa hadi miguu kwa vumbi. Akainuka haraka, akafuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo kaka! Mbona hukusema unakuja?" Sikuitikia vizuri. Nikaenda moja kwa moja kwenye pikipiki, nikachungulia. 18,346. Nikamuuliza mbele ya wenzake kama sita hivi, kwa ile sauti tunayoitumia kwa maofisa wasiotaka kujibu maswali, eti waya wa spidi kaufungua nani.

Akanyamaza. Akaangalia chini. Na mimi nikasoma ule ukimya vile nilivyotaka kuusoma. Nikasema maneno. Siyaandiki yote hapa. Neno "mwizi" lilikuwemo.

Pembeni ya kijiwe, chini ya mti, kuna fundi, mzee wa makamo, boksi lake la spana ni ndoo ya rangi iliyokatwa. Alikuwa anaziba silensa ya mtu. Akasema bila hata kuinua kichwa, "Mwandishi, chombo kwanza, maneno baadaye. Kilete hapa."

Tukakisukuma.

Nimewahi kuwaona madaktari wakimhoji mgonjwa, na yule mzee alikuwa hana tofauti. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mshale umelala. Na kilomita je, zinatembea au nazo zimelala?" Nikasema vyote vimelala. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo lilikuwa jibu zuri kuliko nilivyojua. Akanieleza, na hapa nichanganye maelezo yake na yale niliyosoma baadaye, maana lilinivuta.

Ile saa ya spidi ina kazi mbili ndani ya kikombe kimoja. Waya unaotoka gurudumu la mbele una uzi wa chuma ndani yake, ncha zake zina pembe nne, unazunguka kadiri gurudumu linavyozunguka. Ukifika juu unazungusha kijiti. Kijiti hicho kwanza kinasukuma vigia vidogo vinavyogeuza namba za kilomita, hiyo ni kazi ya meno kwa meno, haina siri. Halafu kijiti hichohicho kimebeba sumaku, na sumaku imefunikwa na kikombe chepesi cha aluminiamu chenye mshale. Sumaku na kikombe havigusani kabisa. Na aluminiamu, kama unakumbuka fizikia ya kidato cha pili, haivutwi na sumaku. Lakini sumaku ikizunguka karibu yake inazalisha vijimkondo vya umeme ndani ya lile bati, na vijimkondo hivyo vinakifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Kuna kispringi chembamba kama unywele kinakivuta kirudi. Spidi ikipanda mvuto unazidi, mshale unapanda. Ukisimama, kispringi kinashinda. Mjerumani mmoja, Otto Schulze wa Strasbourg, aliiandikishia hataza mwaka 1902, na miaka zaidi ya 120 baadaye ndiyo hiyohiyo inayotuambia tunakwenda kasi gani kwenye kilima cha Buhemba. Pikipiki za bei kubwa siku hizi zinatumia kihisi na kioo cha dijitali, lakini hizi zetu za mawe bado ni za Schulze.

Sasa ona akili ya lile swali. Kama mshale umelala lakini kilomita zinahesabu, maana yake waya unazunguka vizuri, ugonjwa uko juu, kwenye kikombe au kispringi. Kama mshale unacheza lakini kilomita hazisogei, meno ya vile vigia yameliwa. Mshale ukitetemeka kama mtu mwenye homa, waya umekauka grisi au umekunjwa mahali. Lakini vikilala vyote viwili siku moja, usihangaike na saa. Teremka chini. Kuna mahali mwendo umekatika kabla ya kufika juu.

"Mahali ni patatu tu," fundi akasema. "Nati imelegea, waya umekatika, au gia ya kwenye gurudumu imekufa. Tutauliza mmojammoja."

Akaanza na nati ya chini, ile ambayo mimi nilikuwa na uhakika nayo. Akanivuta shati nichuchumae. "Angalia mwenyewe." Nati ilikuwa imekazwa, na juu yake vumbi lilikuwa limegandamana na grisi ya zamani likawa kama saruji. Hakuna alama ya plaizi. Nati ya waya wa spidi ni laini, ukiigusa kwa plaizi inaacha michubuko inayong'aa. Hii haikuwa na mchubuko hata mmoja. "Hii," akasema, "tangu itoke dukani haijafunguliwa."

Nilisimama. Ningeweza kuishia pale nikaomba radhi, lakini moyo wa mtu mkaidi una njia nyingi. Nikasema basi atakuwa ameukata waya kwa ndani.

Mzee akaifungua nati ya juu, nyuma ya dashibodi, akauchomoa waya. Akainua gurudumu la mbele kwa kuweka jiwe chini ya injini, akamwambia kijana mmoja alizungushe kwa mkono huku mimi nikitazama ile ncha ya juu. Gurudumu likazunguka, ncha imetulia tuli. Kwa hiyo saa ilikuwa nzima, haikuwa inapata habari tu. Kisha akaigandua ile nati ya chini, akautoa waya wote, akaulaza juu ya gunia. Akashika ncha moja kwa vidole viwili akaisokota. Ncha ya pili ikazunguka papo hapo. "Waya mzima," akasema. Akaupaka grisi hukohuko kwa sababu ameshaufungua, akauweka kando.

Imebaki gia.

Pikipiki ile breki yake ya mbele ni ya viatu, si ya diski. Kwenye aina hiyo gia ya spidi inakaa ndani ya lile bamba linaloshika viatu vya breki. Kuna ringi inayozunguka pamoja na gurudumu, ina masikio mawili ya bati, na masikio hayo yanatakiwa yaingie kwenye mifereji miwili iliyochongwa kwenye habu ya gurudumu. Gurudumu likizunguka linayashika yale masikio, ringi inazunguka, inasukuma kigia kidogo, kigia kinazungusha waya. Fundi akalegeza nati ya ekseli, akachomoa ekseli, tairi likadondoka, bamba likabaki linaning'inia na waya wa breki.

Akalichungulia kwa muda. Akaingiza kidole, akatoa kipande kidogo cha bati akakiweka kwenye kiganja changu. Sikio moja limekatika. La pili limelala bapa kama limekanyagwa. Na kigia cha plastiki nyuma yake kimesagika, unga mweupe umechanganyika na vumbi la breki.

Nikasema, kwa matumaini, ni vumbi la migodini hilo, limekula.

"Hapana," mzee akasema. "Sikio likiliwa na vumbi linakuwa jembamba, linakuwa kali kama wembe. Hili halikuliwa, limekandamizwa. Mtu alitoa tairi, akalirudisha bila kuyaelekeza masikio kwenye mifereji, halafu akakaza nati ya ekseli kwa nguvu zake zote. Bati likapigwa na habu. Likazunguka mara mbili tatu, likavunjika." Akafuta mikono. Akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza saa: "Mara ya mwisho tairi la mbele lilifunguliwa na nani?"

Dogo akaanza kusoma maandishi kwenye kopo la oili. Anayasoma kwa makini, kama ana mtihani nayo.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Jumamosi ya tarehe 13 Julai nilikuwa Buhemba. Tulikuja kumzika bibi. Alasiri waliniomba niende Butiama nikachukue vitu vilivyosahaulika, nikachukua pikipiki ya dogo, mwenyewe alikuwa kwenye kuchimba kaburi. Nilijaza mafuta Butiama. Wakati wa kurudi tairi la mbele likapata pancha. Kando ya njia kulikuwa na mtoto wa pancha, ana viraka na pampu tu, spana aliazima. Giza linaingia, watu wananisubiri, mtoto anafanya taratibu. Alipomaliza kuziba nikamwambia lete hapa, tairi nitalirudisha mwenyewe, mbona naona jinsi ya kufunga. Nikalibandika, nikakaza. Nakumbuka kabisa lilikuwa linazunguka kwa uzito, linakwaruza. Nikadhani halijakaa sawasawa, nikakaza zaidi. Nikakaza mpaka mkono ukauma. Baada ya hatua chache ule mkwaruzo ukaisha na nikajipongeza. Taa ya dashibodi haikuwa inawaka, mshale sikuuona, na akili yangu ilikuwa msibani.

Nina tabia ya kuandika kila kitu kwenye kidaftari cha mfukoni. Nikakitoa pale pale chini ya mti, nikarudi nyuma hadi Julai. Mwandiko wangu: "Butiama, mafuta 10,000/=, km 18,339." Kutoka kituo cha mafuta hadi kwa mtoto wa pancha, kilomita saba. 18,346.

Nikampa fundi akasoma. Akamwangalia dogo, akaniangalia mimi, akaenda kunawa mikono muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

Nikamuuliza dogo kwa nini hakuniambia. Wiki saba! Alichukua muda. "Kaka, ningekuambiaje? Chombo ni chako, umeendesha wewe, umerudi nacho wewe, na ilikuwa msiba." Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo kinanikaa kooni: "Na picha nilikuwa natuma kila Jumapili. Unaweka kidole gumba. Nikajua umeona, umeamua kunyamaza."

Akaingiza mkono chini ya siti, akatoa daftari la shule, lile la kurasa 40 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Tangu tarehe 14 Julai alikuwa anaandika safari. Duara kwenda karasha, ngapi. Karasha kwenda sokoni, ngapi. Butiama, ngapi. Umbali wa kila njia alikuwa anaujua kutoka siku ambazo saa ilikuwa hai, anazidisha, anajumlisha kila usiku kwa penseli. Jumla ya wiki saba: kilomita 2,870. Na mahali pawili pembeni ameandika "OILI" kwa herufi kubwa na kuzungushia duara, kwenye kilomita ya 554 na ya 2,054. Ya mwisho kabla saa haijafa aliibadilisha ikiwa 17,400. Fanya hesabu mwenyewe. Nilizifanya pale nikiwa nimechuchumaa. Zinakubali, kila 1,500, hakupitisha hata moja.

Nilimuuliza pia anajuaje spidi bila mshale. Sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 inataka 50 kwenye makazi ya watu, na tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporasimisha bodaboda kubeba abiria hili linamhusu yeye kama linavyomhusu dereva wa basi. Akasema macho. Yakianza kutoa machozi ni zaidi ya 60, anapunguza. Akiwa na viroba hafiki huko, injini yenyewe inamwambia. Alipoenda barabara ya lami aliliogopa tochi la trafiki kwa sababu lingekuwa linajua kitu kumhusu ambacho yeye mwenyewe hakijui. Wenzake wakacheka, nami nikacheka kidogo, na ile hewa nzito ikapungua.

Lakini nilikuwa nimemwita mwizi mbele ya watu. Na kwetu, mkubwa kumwomba radhi mdogo hadharani si jambo linalokuja lenyewe, ulimi unakuwa mzito kama una kiroba cha mawe. Nilimpigia kwanza mama mdogo, nikasogea pembeni, nikamweleza yote. Hakunifokea. Alisema, "Huyo mtoto hajui kuiba. Anajua kunyamaza tu, na hilo alilirithi kwa baba yake." Nikarudi. Nikasema kwa sauti ileile niliyotumia mwanzo, nikahakikisha ni ileile, kwamba tairi nilifunga mimi, gia niliua mimi, na neno nililosema nalifuta. Dogo akasema, "Yameisha kaka." Mmoja wa wale vijana akasema kwa upole wa kuudhi, "Mwandishi, siku nyingine tairi mwachie fundi."

Vipuri vilipatikana Butiama, ringi na kigia chake, shilingi elfu kumi na tano na nauli. Mzee aliposogeza tairi mahali pake alinishika kidole changu akakipitisha kwenye mfereji wa habu. "Hapa na hapa. Unalizungusha taratibu mpaka usikie limeingia. Likiingia halihitaji nguvu." Nikalisikia. Sauti ndogo tu, kama mlango wa kabati. Akakaza kiasi, akazungusha tairi kwa mkono, na juu mshale ukainuka kidogo ukarudi.

Dogo akapanda akazunguka kijiwe na barabara ya sokoni. Aliporudi ilikuwa 18,348.

Tukakaa kwa mama mdogo usiku ule tukabishana kuhusu zile kilomita 2,870, kama ziandikwe kwenye mkataba au la. Yeye alitaka ziandikwe, anasema siku akija kuiuza hataki mnunuzi adanganywe. Nikaandika kwa mkono chini ya ukurasa, tukasaini wote wawili. Barua niliyokuja nayo ilitumika asubuhi kuwashia moto wa chai. Yule jamaa wa Bunda nilimpigia nikiwa kwenye basi, hakufurahi, na sikuwa na la kumwambia zaidi ya ukweli.

Jumapili ya tarehe 8 Septemba, saa moja na dakika ishirini usiku, picha ikaingia. Niliikuza. 18,795. Nikamwandikia: oili bado ngapi?

"235," akajibu. "Nimeshaandika."